Mizizi Iliyoombwa kwa Jina la Ambrose

Oktoba 4

Mvua imeanza asubuhi na haioneshi dalili ya kukatika. Sasa ni hivi mpaka majira ya machipuko. Mama Mkubwa Selina amenishushia kitita cha kwanza cha mizizi kutoka juu ya jiko lake. "Loweka," akasema. "Maji ya baridi. Usije ukaichemsha kama majani ya chai."

Tuliichimba Juni kule Rasini, chini ya ule mti mkubwa wa msprusi ambao wanawake wa ukoo wetu wameuchukulia mizizi tangu kabla yeye hajazaliwa. Ukisimama chini yake huoni kilele, unaona unaingia tu kwenye ukungu. Mizizi yake inapita chini ya mchanga, mirefu, minyofu kama uzi. Tuliibanika motoni, tukaivuta kwenye kijiti kilichopasuliwa mpaka maganda yakatoka, tukaipasua, ikakaa kungojea mvua. Kusuka ni kazi ya wakati wa mvua, jua hukausha mzizi mkononi ukakatika.

Kofia tunayoisuka ni ya mwanangu Lyle. Februari tunaweka jiwe kwenye kaburi la Ambrose, na siku hiyohiyo Lyle atasimama mbele ya watu avikwe kofia na apewe jina kubwa la Ambrose. Ambrose alikuwa mtoto wa pekee wa Mama Mkubwa. Kwetu mtoto wa mama mkubwa ni kaka yako kabisa, na jina la mwanamume humwendea mtoto wa dada yake. Dada ni mimi. Hilo halina mjadala, na hakuna aliyelijadili.

Jina lenyewe siliandiki humu. Kwa sasa halina mtu.

Vidole vya Mama Mkubwa vimevimba kwa baridi yabisi, hawezi tena kusuka. Basi mikono ni yangu, mdomo ni wake.

Oktoba 9

Mvua. Nimesuka mchana kutwa upana wa kiganja. Amepitisha kidole, akasema, "Umekaza kama unafunga mbwa." Amefumua wote.

Oktoba 10

Nimesuka tena. Safari hii nimelegeza. Amefumua.

Oktoba 18

Lyle ametuletea kaa. Ameingia na matope yake mpaka jikoni, akabusu kichwa cha bibi yake, akachungulia dirishani. Boti la Ambrose limelazwa kwenye magogo nyuma ya nyumba, limefunikwa turubai tangu mwaka jana.

"Bibi, lile boti linaoza."

"Lioze."

"Injini nzima kabisa ile. Nipe wiki mbili tu, nitaliweka majini."

"Kwani mwenyewe amekwambia hataki?"

Lyle amenitazama mimi. Mimi nimetazama mizizi yangu. Tumekula kaa. Nilidhani anamkomesha tu, maana ulimi wa Mama Mkubwa hauna breki.

Oktoba 27

Upepo wa kusini-mashariki. Leo nimeigeuza kofia nikaiweka kichwani mwangu kwa mzaha. Imeshuka mpaka kwenye nyusi. Nimemwambia, "Mama Mkubwa, huu utosi mpana mno. Lyle kichwa chake kidogo kama cha baba yake."

"Suka."

"Si tumwite tumpime?"

"Nimesema suka, Rowena. Mimi nimesuka kofia kabla hujaota meno."

Nimesuka.

Novemba 2

Mvua. Amefumua.

Novemba 3

Mvua. Hajafumua, ila amesema atatazama tena kesho.

Novemba 4

Amefumua.

Novemba 11

Mdogo wangu Maxine amekuja na mambo yake ya karamu. Yeye ndiye aliyebeba shughuli nzima: ukumbi, masufuria, nani anakaa wapi. Sisi ni wa ukoo wa Kunguru, kwa hiyo wageni ni wa ukoo wa Tai, na Tai wakija lazima washibe na waone kitu cha kushuhudia. Ameshaalika mpaka watu wa kijiji cha Skidegate. Ameshika kofia kwa ncha za vidole, akaigeuza.

"Ndiyo hii? Tangu Oktoba?"

"Muulize Mama Mkubwa."

"Mama Mkubwa, shikamoo. Hivi Februari Lyle tumvike nini, sufuria?"

"Kichwa chako kingeenea sufuria," akajibu Mama Mkubwa, "hakina kitu ndani."

Tumecheka wote watatu. Lakini nilipomsindikiza Maxine kwenye gari, mvua ikitupiga, ameniambia neno ambalo limenikaa. "Dada, huyu hataki kofia iishe. Hutaki tu kuona. Anamwonea Lyle wivu kwa kuwa hai."

Nimemwambia anyamaze. Halafu nimerudi ndani, nikamkuta Mama Mkubwa na kisu chake kidogo, anafumua.

Nimemchukia leo. Naandika kama lilivyo.

Novemba 15

Mzizi ukifumuliwa mara nyingi unachoka. Leo umekatika mikononi mwangu kila nikivuta, na kila ukikatika anaguna kama vile nimefanya makusudi. Nimemuuliza tutapata wapi mingine. Amenikabidhi mzizi mwingine uliochoka.

Novemba 23

Mvua. Supu ya kulungu.

Novemba 30

Ukungu. Mama Mkubwa hasemi kitu siku za ukungu. Anaweka kiti dirishani, panapoelekea mlango wa bahari, anakaa hapo. Mwaka jana siku kama ya leo alikuwa kwenye kiti hichohicho. Alisikia injini ya Ambrose inaingia, anaijua kuliko sauti yake mwenyewe, akainuka kubandika birika. Boti lilikuja likapanda ufukweni injini ikiwa bado inanguruma. Halikuwa na mtu. Maji yalikuwa yanachemka nilipofika, na hakuna aliyekumbuka kuepua. Bahari ilimrudisha baadaye, na tulishukuru kwa hilo.

Sikumsemesha leo. Nimesuka kidogo, nimemwekea chai, nimeondoka.

Desemba 6

Nimekwenda Rasini peke yangu kuchimba mizizi mingine, bila kumwambia. Kichaa tu huchimba Desemba. Utomvu umeshuka, ganda limeng'ang'ania. Lakini kitita cha mwisho kimeanza, na nilikuwa nimechoka kuomba.

Bahari imekula ufuko kuliko nilivyowahi kuona. Upande wa maji mizizi ya mti iko nje hewani, mawimbi yanapita chini yake. Nimezunguka upande wa nchi kavu, nimeweka mkono kwenye gome, nimeuomba kama tunavyoomba, nikasema kofia ni ya nani. Nimechimba kwa mikono mpaka kucha zikauma. Nimepata kidogo, mifupi, yenye vinundu. Nimefukia mashimo, nikayafunika kwa kuvumwani ya kijani.

Nilipoibwaga mezani kwake amesukuma kiti nyuma. Nilijiandaa kutukanwa.

"Umeuomba?"

"Nimeuomba."

"Kwa jina la nani?"

"La Lyle. Kwani la nani, Mama Mkubwa?"

Ameigusa. Ameiacha. Amekwenda chumbani akalala, mchana wote, na mimi nimebaki jikoni na kisu, nakwangua ganda ambalo halitaki kutoka. Linabaki madoa meusi kila mahali.

Desemba 9

Nakwangua. Mvua.

Desemba 12

Nakwangua. Hafumui tena, lakini pia hatazami.

Desemba 20

Dhoruba. Ilianza na upepo usio na mvua, jambo ambalo halijawahi kuwa jema hapa. Umeme umekatika tukiwa kwenye chai ya asubuhi. Baadaye bahari ikaanza kusikika kutoka upande ambao huwa haisikiki. Lyle alikuja akasukuma mlango kwa bega, akasema njia ya ufukweni imefungwa na magogo na paa la ukumbi limeng'oka bati moja. Nikamwambia akae. Akakaa sakafuni, miguu kaielekeza kwenye moto wa jiko, akaanza kumtania bibi yake kwamba nyumba ikiruka watatua Alaska, huko samaki ni wengi.

"Wewe utatua majini," akasema Mama Mkubwa.

Alisema kwa ukali mpaka kicheko kikamkwama Lyle mdomoni. Akaondoka kwenda kufunga boti la Ambrose lisipeperuke na turubai lake. Nilimwona dirishani, kainama, mvua inamchapa mgongo, anakaza kamba kwenye boti la mtu aliyekufa ambalo hajaruhusiwa kuligusa. Mama Mkubwa naye alimwona. Alikuwa ameshika fremu ya dirisha kwa mikono miwili. Nikajua siyo wivu. Maxine amekosea, na mimi nilikosea pamoja naye. Mwenye wivu hamtazami mtu vile. Alikuwa anaogopa, na sikuelewa anaogopa nini.

Alasiri tulisikia mshindo. Siyo radi. Ulikuwa mmoja, mrefu, ukatoka upande wa Rasini, vikombe vikagongana kabatini.

"Ameanguka," akasema Mama Mkubwa.

Sikumuuliza nani.

Desemba 22

Upepo umetulia. Maji yalipokupwa tumekwenda na gari la Lyle, sisi watatu, tukizunguka magogo. Mti umelala kifudifudi kuelekea baharini. Kilele kiko majini, mawimbi yanachezea matawi. Huku kwetu mizizi imesimama juu kama ukuta wa nyumba, mchanga unadondoka, mizizi minyofu mamia na mamia inaning'inia wazi, tayari kwa mwenye kuitaka.

Ninasema ukweli, nilifurahi. Huku nalia, nilifurahi. Nimetoa kisu.

"Weka kisu," akasema Mama Mkubwa.

"Tazama ilivyo mingi!"

"Weka kisu, mwanangu. Maiti havutwi nywele."

Lyle akasogea pembeni, akasimama akitazama bahari, adabu anayo. Mama Mkubwa akakaa kwenye gogo. Mvua ilikuwa nyembamba. Akaanza kusema bila kunitazama.

"Juni nilikosea."

"Ulikosea nini?"

"Wewe ulikuwa upande ule unachimba, hukunisikia. Niliweka mkono nikaomba. Nikasema, nipe mizizi, nataka kumsukia Ambrose kofia."

Nimefunga kisu. Kwetu mzizi ni wa yule aliyetajwa wakati wa kuomba. Hata mtoto anajua. Huwezi kuusuka ukamvika mwingine, maana umemvika kilicho cha mwenzake, na kilichompata mwenzake.

"Ulimi uliteleza," nimesema. "Ni ulimi tu, Mama Mkubwa."

"Haukuteleza. Nilitaka kusikia inavyokaa mdomoni. Kwamba yuko nyumbani, ananingojea, kichwa wazi. Nilisema mara moja tu. Halafu mti ukatoa, Rowena! Mizizi mirefu vile, minyofu vile, umewahi kuona? Ungekataa ningejua kosa langu palepale. Ukakubali. Nikasema labda mti unajua nisichokijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie uende wapi? Juni ilishapita nilipozinduka. Maxine anaalika watu mpaka Skidegate. Nikawa kila nikiiona kofia inakua namwona mtoto wako yuko kwenye maji. Nafumua. Nikifumua napata siku moja tena." Akajifuta pua kwa mkono. "Na ile saizi ni ya kichwa chake. Sikutaka apimwe Lyle. Mikono yako ilikuwa inasuka kichwa cha Ambrose, mimi nakitazama kinarudi kidogokidogo. Halafu nafumua tena."

Nimeona aibu kwa niliyoyaandika Novemba, lakini siyafuti.

Akainuka. Nikamshika mkono, akakataa mkono. Akaenda mpaka kwenye ule ukuta wa mizizi, akatafuta mahali pa gome, akaweka kiganja chake kilichovimba.

"Nilikudanganya," akauambia mti. "Ambrose amekufa."

Mwaka mzima na zaidi, sijawahi kumsikia akiyasema maneno hayo mawili pamoja. Alisema "alipoondoka." Alisema "tangu ile siku." Lyle aligeuka aliposikia.

"Ambrose amekufa," akasema tena, kwa sauti ya kawaida, kama anamweleza jirani. "Kofia ni ya Lyle. Mtoto wa Rowena. Yule pale."

Sijui kama mti ulioanguka unasikia. Nimemuuliza garini, akasema hata yeye hajui. Njia nzima alilia, na Lyle akaendesha polepole.

Desemba 26

Mvua. Tumesuka. Mizizi ya Juni sasa imesemwa upya, hata kama tumechelewa; utosi mpana tumeuacha ulivyo, maana mizizi iliyochoka haivumilii kufumuliwa tena. Ukingo utakuwa wa mizizi yangu ya Desemba, ile ya madoa, kwa sababu hiyo haina utata: iliombwa kwa jina la Lyle tangu mwanzo. Mama Mkubwa anasema ni mibaya kuliko yote aliyowahi kuona. "Lakini ya kwake," akasema.

Januari 5

Mvua.

Januari 9

Mvua. Nimekosea mstari mzima, nikamwonesha mwenyewe kabla hajauona. Akasema, "Acha. Endelea."

Januari 21

Maxine amekuja, ameona kofia karibu inaisha, ameona na ule ukingo mweusi. Amefungua mdomo. Nimemkazia macho, akaufunga. Nimemweleza nje. Amelia kwenye gari mpaka vioo vikapata mvuke, halafu akaingia tena ndani akaosha vyombo vyote vya Mama Mkubwa, hata visafi.

Januari 30

Nimekata ncha za mwisho. Imeisha. Mama Mkubwa ameishika mapajani mchana kutwa, mgongo kwa jiko. Hajasema nzuri, hajasema mbaya.

Februari 7

Jiwe limesimama. Ardhi ilikuwa maji matupu, wanaume wa Tai walilibeba wakizama mpaka kwenye vifundo vya miguu, mmoja akateleza, akasema Ambrose hata sasa anatusumbua. Watu wakacheka makaburini, na Mama Mkubwa akacheka.

Ukumbi ulijaa. Samoni wa moshi, supu, mkate wa kukaanga wa Maxine ambao uliisha kabla wazee wa Skidegate hawajaongezewa, na Maxine atakumbushwa hilo miaka kumi. Kisha Lyle akaitwa mbele. Mama Mkubwa hakutaka kushikwa. Akanyanyua kofia kwa mikono ile isiyokunjuka, akamvika.

Kofia ikameza masikio, ikashuka mpaka puani. Macho ya mwanangu yakapotea. Ukumbi wote ukanyamaza, maana hakuna aliyejua kama inafaa kucheka. Nilitamani ardhi inimeze, mimi niliyeisuka.

Mama Mkubwa akavua kitambaa chake cha kichwani, nywele nyeupe wazi mbele ya Tai wote. Akakikunja, akakitia ndani ya utosi, akamvika Lyle upya. Ikakaa. Akaipigapiga kwa kiganja.

"Ya mwanangu hii," akawaambia watu. "Alikuwa na kichwa kikubwa. Huyu atajazia."

Ndipo akalitaja jina. Tai wakalirudia kwa pamoja, ili wawe mashahidi. Sasa lina mtu, naweza kuliandika: Anayesikika Kabla ya Kuonekana.

Baada ya karamu, watu wakikunja viti, amempa Lyle ufunguo wa boti. Ameuweka tu mkononi mwake akaenda kutafuta koti lake. Kwa upande wangu, ningependa angeendelea kukataa.

Februari 9

Hofu ilikuwa ya Mama Mkubwa, lakini sasa mimi ndiye sipati usingizi. Lyle yuko nyuma ya nyumba na injini.

Februari 15

Mvua. Boti liko majini.

Februari 24

Ukungu mzito, mzito kuliko ule wa siku ya Ambrose. Lyle alitoka asubuhi kutega mitego ya kaa hali ikiwa safi, ukungu ukaingia nyuma yake. Nimekwenda kwa Mama Mkubwa kwa sababu sikuweza kukaa kwangu. Alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani. Nikaketi kando. Hatukuwasha redio.

Alasiri aliinua kichwa kabla yangu. Halafu na mimi nikaisikia: injini ya Ambrose, mbali, inaingia. Inakuja, inapotea, inakuja. Akainuka nusu kuelekea jikoni, kwenye birika, mkono umeshatangulia. Akasimama hapohapo.

"Kaangalie wewe," akasema. "Mimi sibandiki mpaka uniambie."

Nimekimbia mpaka ufukweni na kandambili za ndani. Hakuna nilichoona, weupe tu, na mlio unaokua. Nyuma yangu nikasikia dirisha linafunguliwa.

"Yumo mtu?"

Nikaingia majini mpaka magotini. Injini ikapunguzwa, na nikaelewa: injini haijipunguzi yenyewe. Halafu pua ya boti ikatokeza, na nyuma ya usukani mtu amesimama, kofia ya sufu kichwani, anapunga mkono kama mpumbavu.

"Rowena! Yumo?"

"Yumo!"

"Nani?"

Sikumwita Lyle. Nimegeuka, nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote kuelekea dirishani, nikamtaja kwa jina lake kubwa. Halafu akafunga dirisha, akaenda kubandika birika.